Mkate Mashavuni

Siwema alisimama mbele ya kioo na gauni la sare ya harusi, mkate umemjaa mashavuni. Fundi alikuwa ameliongeza gauni kiunoni na kulipunguza mikono, akicheka kwamba hajawahi kumshonea mtoto mwenye kitambi cha diwani na miguu ya korongo.

"Na wewe kichwa chako fenesi, nani kakuuliza?" bibi yake, Bi Arafa, alimjibu. Fundi alinyamaza. Kioo je, nani akinyamazishe?

"Meza huo mkate, mjukuu wangu. Saa ya dawa imefika," Bi Arafa alisema, kidonge kiganjani mwake.

Siwema alitikisa kichwa. Dawa za virusi ndizo zilizomwinua kitandani, na ndizo zilizomnyonya uso na kumjaza tumbo. Nesi alisema watambadilishia zikija nyingine, na kwamba akiacha hizi ataugua tena.

"Baada ya picha, Bibi. Leo tu."

"Ulisema 'leo tu' siku ya Idi."

Bi Arafa akamega mkate, akajaza mashavu yake yasiyo na meno, akajipanga naye kiooni. "Haya, bi harusi nani hapa?"

Siwema alicheka, mkate nusura umtoke. Kisha akayalinganisha mashavu yao.

"Wewe umezeeka, Bibi. Mimi je?"

Bi Arafa, asiyekosa jibu mtaa mzima, alikuwa na mkate kinywani na haukushuka. Kidonge kilianza kulowa jasho kiganjani mwake. Nje vigelegele vilipaa, na kiooni walisimama wawili, mashavu yametuna, hakuna anayemeza.