Kigari cha Kumfuatia Mke

Magurudumu yalizunguka vizuri sana, na hilo ndilo lililomponza Haidar.

Kigari kilikuwa juu ya mawe manne uani kwake, Pangani. Alikiunda kwa pikipiki mbili: moja ya bwana shamba aliyestaafu, nyingine iliyotumbukia mtoni kutoka kwenye pantoni ikanywa maji ya chumvi wiki nzima. Mabomba ya maji yakawa fremu, kiti cha basi bovu kikawa kiti. Injini ilikaa nyuma kabisa. Cheni ilikuwa fupi, na mwaka ule wa 1985 Tanga nzima haikuwa na cheni nyingine, kwa hiyo aliigeuza injini ili meno yake yaukaribie mhimili wa magurudumu.

Akapiga kiki. Injini ikaitika, magurudumu ya nyuma yakazunguka, naye akazima haraka. Petroli yenyewe ilikuwa lita tatu za kibali, na mwenye lita tatu hajaribu gari kwa kuliendesha. Alitazama tu kama magurudumu yanazunguka. Yanazunguka kwenda wapi, hakuuliza.

"Fundi hodari," alijisifu, maana hapakuwa na mwingine wa kumsifu. Mkewe, Mwatumu, alikuwa kwao Mwera, ng'ambo ya mto, mwezi wa tatu sasa.

Mambo yaliharibika siku Haidar alipokwenda ukweni mara ya kwanza baada ya harusi. Alikwenda kwa miguu, amevaa makatambuga, suruali ina kiraka gotini. Njiani akakutana ana kwa ana na mama mkwe wake, Bi Mwanamkasi, akitoka kisimani. Haidar, mtoto wa mjini aliyelelewa akaleleka, alisimama katikati ya njia, akamtazama machoni, akatoa shikamoo ya kusikika. Bi Mwanamkasi alijifunika kanga gubigubi, akakatiza kwenye mihogo. Haidar akakitazama kiraka chake, akaelewa.

Wiki iliyofuata Mwatumu aliitwa kwao kumwuguza mama yake. Hakurudi. Aliyekuja ni kaka yake, Uweso, na ujumbe.

"Mama anasema ukimtaka mkeo umfuate mwenyewe, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama," alisema Uweso, macho chini. "Lakini usije kama ulivyokuja siku ile. Ukija vile tena, anadai talaka."

"Vile vipi, shemeji?"

"Ah, shemeji. Wewe si mtoto."

Haidar hakuwa mtoto. Alijua kwamba mkwe wa makatambuga hana thamani, na kwamba dawa yake ni kuingia Mwera kwa gari. Gari hakuwa nalo, basi akaliunda. Kila asubuhi alipika chai isiyo na sukari, vikombe viwili kwa mazoea, kisha akavinywa vyote viwili huku akijiita mjinga. Alimkosa Mwatumu mpaka akakosa hata hamu ya kugombana na majirani.

Siku ya mwisho ya Shaabani alivaa shati la mitumba, hiyo mitumba iliyokuwa ndiyo kwanza imeanza kuruhusiwa. Lilikuwa na mifuko miwili kifuani na vifungo vya shaba. Akakishusha kigari, akakaa, akatia gia. Kigari kikaenda nyuma, kikaangusha banda la kuku. Akatia gia ya pili. Kikaenda nyuma kwa kasi zaidi.

Haidar alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Pikipiki haina rivasi. Yeye, kwa ufundi wake, alikuwa ameunda gari lenye rivasi nne na lisilojua mbele. Akiirudisha injini, cheni haifiki. Kiti nacho hakigeuziki, kimechomelewa, na vijiti vya kuchomelea vimekwisha wilaya nzima. Kwenda kwa miguu ndiko kulikomharibia. Na jioni ile watu wangetoka kuutafuta mwezi.

Basi akaenda hivyohivyo, shingo kaipinda begani.

Kwenye pantoni walimsifu, maana aliingia kinyumenyume bila kugusa ukingo.

"Huyu ndiye dereva," alisema mkata tiketi.

"Hata nikitaka kuingia vingine, bwana, siwezi."

Ng'ambo, njia ilikuwa matope na visiki, na kigari kikapita pote. Waliokuwa wakipalilia waliacha majembe wakamcheka. Haidar akawapungia mkono, kwani alikuwa akiwaona vizuri kila alipokwisha kuwapita.

Alipofika kwa Bi Mwanamkasi shingo ilikataa kabisa kugeuka. Akaingia uwanjani kwa kubahatisha, mgongo mbele, akasikia michi ya kutwangia ikinyamaza mmoja mmoja. Injini ikazima yenyewe. Mifuko miwili ya shati lake ilikuwa inatazama njia aliyotokea, na hakuna mtu aliyeiona.

Hakuthubutu kushuka. Aliiambia minazi iliyokuwa mbele yake maneno aliyojifunza mwezi mzima: kwamba amekosa, kwamba anampenda mkewe, kwamba hana kitu ila hii mikono, na hata hiyo mikono yenyewe, jamani, mnaiona kazi yake. Akainamisha kichwa, akangoja talaka.

Kiti kikalia kando yake. Mwatumu alikuwa amekaa, furushi mapajani.

"Mama analia ndani," alinong'ona. "Ameniambia nikuwahi kabla hujaondoka. Anasema ameozesha mabinti watano, na hajapata kuona mkwe aliyekuja kinyumenyume tangu mtoni, ili asimtazame mama mkwe wake usoni."