Ni Nani Alifunga Hii Kable?

"Ni mbuzi gani njo ilifunga hii kable?"

Vainqueur aliinua ile greinda, machine ya kukata chuma, juu, bantu bote baione. Bakacheka. Ku soko ya Dzaleka, kambi ya bakimbizi hapa Malawi, bantu banapendaka kusikia matusi ya Vainqueur. Akifungua machine yako, utajua hata mama yako alikosea wapi.

Lakini leo hakutukana bure. Mbele yake, ku kiti ya plastiki, maman Cécile alikuwa amekaa na sac yake ku magoti. Maman Cécile ni wa Bukavu, iko na atelier ya kukodisha mamashini kule Lilongwe. Alikuya kutafuta fundi. Mumoja tu. Atamupa kazi, chumba, na atamutafutia ruhusa ya kutoka mu kambi. Vainqueur alikuwa amemaliza miaka kumi na moja akikula vumbi ya Dzaleka.

"Mi sikuleta mitihani ya masomo," maman Cécile alisema. "Hii machine muteja moja aliitengenezesha hapa ku soko, akanirudishia, na juzi ilikaribia kuua kijana yangu. Kable ilichomoka, waya ikagusa chuma, courant ikamutupa chini. Niambieni tu munaona nini."

Alikuwa ameanza na Nahayo, Murundi mwenye meza yake iko ngambo ya barabara. Nahayo anachelewaka kama muntu anashona sanda. Alizungusha ile greinda, akavuta kable kidogo, akatikisa kichwa.

"Kable imekufa ku shingo, maman. Tubadilishe yote, na kile kichuma cha kuibana. Mwenye alifunga labda alikuwa na haraka."

Njo ile tu. Hata tusi moja hapana.

Vainqueur aliona hapohapo. Muntu anahurumia kazi mbaya namna ile juu ya nini? Juu ni Nahayo mwenyewe njo alifunga! Sasa zamu ilikuwa yake, na alitaka kumuzika Nahayo mbele ya soko nzima.

Alitia tournevis ku vis ya kwanza, akaanza kuizungusha. Meza ikayumba. Akavuta karatasi moja ku lundo ya matangazo yake, zile alifotokopi kule Lumbadzi, akaikunja mara ine, akaisukuma chini ya muguu ya meza. Ingine akamupa maman Cécile.

"Usome ukifika nyumbani, maman."

"Miwani nimeacha Lilongwe," alisema, akaitia mu sac.

Muteja moja, mama Gloriose, akapita na perceuse, machine ya kutoboa, imefungwa mu kitenge. Shingo ya kable ilikuwa imepasuka, waya ya bluu inachungulia.

"Baba, nisaidie, bwana yangu iko anangoja ku chantier, kwenye banajenga."

"Weka pale," Vainqueur alisema, hata hakumuangalia. "Vya bajenzi ni dakika mbili."

Gloriose aliangalia Vainqueur, aliangalia ngambo. Akavuka barabara, akaenda kwa Nahayo.

"Nenda!" Vainqueur alipiga kelele. "Atakurudishia siku ya Noël!"

Kisha akafungua mukono ya greinda, akapiga muluzi.

"Bantu, mukuye muone! Mupira wa shingo hakuna, aliutupa. Waya alizizungusha na vidole, kama mwanamuke anasuka nywele. Na hapa, maman, hapa njo panapaswa kubana kable, ikivutwa isichomoke. Kable ni nyembamba, kichuma hakishike. Fundi wa kweli anatafuta kable yenye inatosha. Huyu alifanya nini? Alijazisha na karatasi! Karatasi, maman! Mu machine yenye inapita courant!"

Bakacheka tena. Maman Cécile yeye hakucheka.

"Mwenye alifanya vile, we ungemupa kazi?"

"Huyo? Hata kupompa pneu ya baiskeli ya kabaza nisingemuacha. Maman, ukimupeleka Lilongwe utaanza kununua masanduku ya maiti. Huyu si mujinga tu. Mujinga anaulizaka. Huyu alijua, na hakujali."

"Hakujali," maman Cécile alisema polepole.

"Alizarau muntu mwenye machine. Njo vile."

Vainqueur alichomoa ile karatasi na koleo. Ilikuwa nyeusi ya mafuta, imekunjwa ngumu kama kipande cha mbao. Ngambo ya barabara Nahayo alikuwa anafunga vis ya Gloriose, kichwa chini. Kila jumapili Nahayo anaandikaka nyimbo za chorale. Karatasi zake zimejaa kanisa nzima, kila muntu anajua, na hii lazima ilikuwa moja yazo.

"Nahayo! Kuya hapa, mutakatifu! Maman hana miwani. Musomee."

Nahayo alipangusa mikono ku suruali, akavuka. Alipokea karatasi, akaifungua polepole, vile anafunguaka kila kitu. Inje ilikuwa nyeusi, lakini ndani ilibaki nyeupe. Akaangalia. Akaikunja tena.

"Tuache, Vainqueur."

"Aaah! Sasa ni tuache?" Vainqueur akageukia bantu. "Munaona haya iko inamukamata!"

"Ndugu yangu, nakuomba. Kable nitabadilisha mi mwenyewe, iishe."

"Hapana! Maman alitoka Lilongwe juu ya kujua ukweli. Soma kwa nguvu, soko yote isikie!"

Nahayo aliangalia maman Cécile. Maman Cécile akamuitikia na kichwa.

Akafungua karatasi, akasoma na ile sauti yake ya kanisa: "'Vainqueur Technicien, mbele ya kanisa, Dzaleka. Ukitaka kazi ya kweli, usipeleke kwa mbuzi.'"