Barua za Korongo wa Bwawani

Alikuwako Korongo, mlinzi wa bwawa la mbali, asiye na jirani hata wa kuamkiana naye. Kila mwezi aliyapima maji kwa miguu yake, kisha akaliandikia Baraza la Wanyama barua ndefu yenye mafumbo na misemo mitamu, akitumaini atapendwa.

Siku moja akapita Nungunungu, karani wa Baraza.

“Bwana Korongo, barua zako husomwa karamuni. Wakubwa hupiga makofi!”

“Na maji je?”

“Maji gani?”

Korongo akachukua kalamu. Mara kumi alikuwa ameandika kwamba bwawa linakauka, lakini habari yenyewe ilizama ndani ya madoido yake.

Akaandika upya: “Mwaka jana maji yalinifika mapajani. Leo yananifika vifundoni. Magugu yameziba mkondo unaoleta maji. Njooni myang'oe, la sivyo kiangazi hiki mtakunywa tope.”

Nungunungu akaondoka nayo. Keshokutwa yake tembo na nyati wakaja mbio. Waling'oa magugu siku tatu, maji yakapanda, wakaenda zao. Hakuna aliyemsifu, wala aliyemuaga. Korongo akasimama peke yake katika bwawa lililojaa, akaanza kuandika, kwa maneno machache, barua ya mwezi uliofuata.