Kona ya Kinu

Kiti cha nyuma kilitoka kwa shida, kikiburuta vumbi la miaka mingi. Fundi alikiegemeza kwenye ukuta wa gereji, kisha akatoa tairi la akiba, jeki na zulia.

"Shangazi, mbona unalivua gari lote?" aliuliza mtoto wa kaka yake.

"Si umesema huna hela ya injini kubwa? Basi hatununui kitu. Tunatoa. Likiwa jepesi litakimbia lenyewe."

Kijana alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, kazi yake kufunga nyaya za umeme majumbani, na kigari chake mwenyewe alikitania kwamba kina injini ya pampu ya maji. Jumapili alfajiri angeshindana na wenzake watatu, kutoka darajani hadi kwenye kinu cha zamani. Katikati ya njia palikuwa na kona. Mwaka uliopita kaka wa kijana huyu aliingia kona hiyo kwa kasi ya mia na kumi, na hakutoka.

Wiki nzima shangazi alikuwa amembembeleza aache. Alimlilia, akamtishia, siku moja hata akamfichia funguo. Jibu lilikuwa moja tu: usiponitengenezea wewe, mafundi wako tele. Ndipo akakubali.

"Usimwambie mama," kijana alisema. "Wala mshindani wangu Kipara. Akijua nimekuja kwako, na yeye atakuja."

"Mdomo wangu una kufuli. Nenda dukani ukaniletee grisi."

Aliporudi alikuta dashibodi imefunguliwa. Shangazi amekipakata kipima mwendo, anakifuta kwa kitambaa.

"Mshale ulikuwa unakwama," alisema bila kuinua macho. "Na kanyagio la mafuta lilikuwa linapwaya, nimelitilia bolti kwa chini. Sasa ni fupi, mguu haupotezi muda."

Jioni ile ya Jumatano alifunga tairi ndogo alizookota kwenye magari mabovu, akakata springi, akashusha kiti cha dereva hadi kijana akawa kama ameketi juu ya lami. Mwisho akachukua drili, akatoboa bomba la moshi. Gari lilipowashwa, mabati ya gereji yalitetemeka.

Kijana alizunguka mtaa mara moja tu, akarudi macho yamemtoka. "Mama yangu wee! Tisini, shangazi, na sijaingiza gia ya nne!"

Shangazi alitabasamu kidogo, akaenda kunawa mikono.

Alhamisi alikuja Kipara, dereva wa teksi, akamwapisha fundi asimwambie mtu. Ijumaa asubuhi akaja muuza simu na kiapo kilekile. Jioni akaja mwalimu wa udereva, mtu mzima na heshima zake, akanong'ona kama anayenunua bangi. Fundi aliwapokea wote. Kila gari alilificha nyuma ya turubai, akalifanyia kazi peke yake, mlango umefungwa.

Jumamosi wifi yake aliingia bila hodi. Alisimama mbele ya ule ukuta, akahesabu viti vya nyuma vilivyoegemezwa pale. Vinne.

"Wote, wifi? Wote umewatengenezea wewe?"

"Wote."

"Mwanangu mmoja nimemzika kwa sababu ya kona ile. Na wewe, shangazi mtu, unamchongea wa pili jeneza!"

Fundi angeweza kumweleza. Alimjua wifi yake vizuri. Neno likiingia sikioni mwake asubuhi, jioni limeshazunguka mtaa mzima, na safari hii halikutakiwa kufika hata kwa jirani. Akaokota spana, akainamia injini, machozi yakimdondokea kwenye betri. Wifi alitoka bila kuaga.

Jumapili, jua halijachomoza, wanawake hao wawili walisimama penye kinu, kila mmoja upande wake wa barabara. Kutoka darajani ulisikika mngurumo, gari nne kwa pamoja, kelele za kupasua masikio. Wifi alifumba macho, akajifunika kanga kichwani. Fundi aliuma kidole gumba. Alikuwa akiwaza bolti zake nne. Kama moja tu imelegea, wamekwisha.

Mngurumo ulifika konani. Ulikaa huko muda mrefu mno. Wifi akaanza kuita jina la mwanawe kwa sauti ndogo.

Likatokea gari la kwanza. La pili. La tatu. La nne.

Kijana aliruka nje gari halijatulia vizuri. "Mia na thelathini! Nimeikata kona kwa mia na thelathini!"

"Mimi mia na thelathini na tano!" Kipara alipiga kelele. "Umeniponyoka kidogo tu!"

Muuza simu alikuwa akicheka mwenyewe. Mwalimu wa udereva aliketi chini, akasema kwa yale aliyoyaona leo harudii tena maishani. Mama alikuwa ameshamkumbatia mwanawe, anampiga mgongoni na kumbusu kwa wakati mmoja, na kijana naye akaanza kulia.

"Nimepita alipofia kaka, mama. Nimepita. Basi, imetosha."

Fundi aliketi kwenye jiwe, akavuta pumzi ya kwanza tangu Jumatano.

Nyuma yao lori lilitokea konani polepole, limejaa mchanga hadi juu, taa zimewashwa. Lilisimama. Dereva, mtu wa makamo, alishuka, akavua kofia na kuikumbatia kifuani.

"Poleni sana, ndugu zangu," alisema. "Nimewafuata tangu darajani, nikaona si heshima kuupita msafara. Marehemu ni nani?"