Nyumba Shimo la Nne

Sudi aliingia mtaa wao wa zamani kama mgeni, simu mkononi, akipiga picha. Alishapita saluni ya Wakongo na mgahawa wa Wachina alipoliona baraza la nyumba aliyozaliwa. Fundi alikuwa amepiga magoti pale na mwiko, tayari kuyaziba mashimo thelathini na mawili.

"Subiri, fundi! Hilo ni bao."

"Bao gani, mzee wangu? Shimo la mraba, ile nyumba yenyewe, iko ya nne kutoka kushoto badala ya tano."

Sudi akacheka. "Alichimba baba yangu, saruji ikiwa mbichi. Akakosea, akakataa kukubali. Mtaa mzima tukajifunzia hapa. Tukienda kucheza mitaa mingine, tunafungwa mpaka na vikongwe."

"Kumbe ninyi ndio mliokuwa mkichekwa!"

"Lakini hapa hakuna aliyetufunga."

Fundi akatazama karai. "Saruji inakauka, shehe. Na tajiri aliyeinunua nyumba anataka pawe sawa, wateja wake wa kahawa waweke vikombe."

Sudi akachuchumaa. Aliokota kokoto, akatia sita kwenye nyumba, mbili na mbili pembeni. Vidole havikuuliza njia.

"Mchezo mmoja tu," akasema.

Fundi aliangalia mlangoni, akajifuta mikono kwenye suruali, akaketi.

"Kwa nyumba hii si utanifunga?"

"Ndiyo raha yake."

Nyuma yao mwiko ulikuwa umesimama wima katikati ya karai, bila kushikwa na mtu.