Wanene wa Nyuma ya Nyumba

Ng'ombe wanene walikuwa nyuma ya nyumba, na lango la zizi lao limefungwa kwa waya. Bathsheba aliwaona alipozunguka, akijifanya anatafuta choo.

Mbele ya nyumba hiyo ya mzee Mwikwabe, babake bwana harusi, wazee wa pande zote mbili walikuwa wameketi, na mahari ya Dolphine, binti wa Bathsheba, ilikuwa imeshapangwa: majike sita, mbavu nje, kila mmoja na ndama wake ananyonya. Malisho yenyewe yalikuwa yameliwa mpaka udongo unaonekana.

"Ndio hizi, mama," mzee alisema. "Wembamba usikutishe. Ng'ombe zimezidi nyasi, na hizi zinanyonyesha."

Bathsheba akaguna. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Binti yake wa kwanza aliolewa kwa ng'ombe wagonjwa, wakafa wote kabla ya mvua. Sasa Bathsheba mwenyewe ni mjane, na Maurice, kitinda mimba wake, anangojea uzao wa mahari hii ndipo naye aoe. Safari hii hachezewi mtu.

"Na wale wa nyuma?"

Mzee akakohoa. "Wale si wa mahari, mama. Wanangoja lori."

"Lori la wapi? La mkwe mwingine?"

"Mama Maurice, hebu nisikize kwanza..."

"Nisikize nini na macho ninayo? Nyasi ni ile ile, jua ni lile lile, mbona wao wanang'aa? Mimi unanipa mifupa, nyama unaficha! Nipe sita wa nyuma, ama Dolphine arudi nami nyumbani Rodi Kopany leo hii."

Bwana harusi akamgusa babake bega. "Baba, mpe tu."

Mzee akatazama chini. Mama wa bibi harusi habishwi mbele ya wageni. "Haya. Umechagua mwenyewe, na wazee wameshuhudia. Hakuna kurudisha."

"Nani arudishe!"

Waya ukafunguliwa. Bathsheba na Maurice wakawaswaga wanyama wao hadi barabarani, mama akiimba njia nzima.

Walipofika lami, lori tupu likapunguza mwendo, likasimama. Abdikarim, mwenye bucha, akatoa kichwa dirishani.

"Mama, hizi si zile za mzee Mwikwabe nilikuwa naendea? Daktari wa ng'ombe alimwambia aniuzie zote nichinje, zinamaliza nyasi ya wenzao bure. Mwaka wa tatu huu zinapandwa, na hakuna hata moja imewahi kushika mimba."