Kulabu ya Joho

Kengele ya kwanza ya misa ilimkuta Mwalimu Nzaro bado yuko barazani kwake, joho jeusi lenye msalaba mweupe likimteleza mabegani. Kulabu yake hufungwa nyuma ya shingo, na mikono ya mzee haikufika tena huko.

Lilikuwa joho la Mashujaa wa Msalaba, chama cha kanisa alichoingia kwa kiapo akiwa kijana: kuwauguza wagonjwa, kuwatetea wanyonge, kutosema uongo kamwe. Wenzake wote wa Malindi walikwishazikwa, kila mmoja na joho lake. Aliyekuwa akimfungia kulabu ni mkewe, naye alizikwa Vitengeni wakati wa masika.

Akavuka barabara, joho kalishika kwa mikono miwili, hadi duka la vitambaa.

"Mama Paresh, niwie radhi. Nifungie hii."

"Joho na joto lote hili, Mwalimu! Haya, inama, wewe mrefu."

Akainama. Vidole vya yule mama vilikuwa baridi, vinanukia bizari. Vikampapasa shingoni polepole, vikitafuta tundu. Tangu masika watu humpa mkono tu, wakamjulia hali, wakaenda zao.

Kulabu ikaingia. Aliisikia vizuri, ta!

"Tayari. Kimbia, kengele ya pili hiyo."

Mzee hakuinua kichwa.

"Bado, Mama Paresh," akasema. "Naona haijashika."